Nilivyolitafsiri Goti la Mama

Mama yangu alikuwa mkunga, na kazi yake aliifanya akiwa amepiga magoti. Naanza hapo kwa sababu watu wakisikia habari za goti bovu hufikiria kutembea tu. Mama hakulalamika sana juu ya kutembea. Kwetu, mlimani upande wa Magwagwa, mwanamke aliyeshikwa na uchungu alichuchumaa huku ameshika nguzo ya nyumba, na mama akapiga magoti mbele yake, mikono tayari, akingoja. Aliweza kukaa hivyo tangu ng'ombe wanakamuliwa asubuhi hadi wanarudi kutoka mtoni. Nilipomuuliza utotoni kama haumii, alinijibu kwamba anayeumia ni yule mwingine.

Goti liliharibika msimu wa mvua, nikiwa bado chuo cha ualimu. Alikuwa ameitwa ng'ambo ya kijito, akateremka kwa haraka kati ya migomba, mguu ukanasa kwenye tope na mwili ukageuka bila mguu. Alisema alisikia kitu kikilia ndani, ta, kama kijiti kibichi. Akainuka, akaenda, akampokea mtoto, akarudi nyumbani goti limejaa kama kibuyu. Tukalikanda kwa majani ya moto. Likapungua, likajaa tena. Zahanati walilitoa maji kwa sindano mara mbili, yakarudi. Baadaye likaanza kukwama: akipiga magoti, halitaki kunyooka tena hadi alishike kwa mikono miwili alizungushe, jasho likimtoka, na mwanamke mwenye uchungu akimtazama kwa huruma badala ya kuhurumiwa.

Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo mambo mazito ya nyumba yaliamuliwa na mama, na yale yaliyohitaji kusoma au kusema na wageni yaliniangukia mimi. Nilikuwa nimeajiriwa shule moja karibu na Nyamira, nikifundisha Kiswahili. Hapo lazima niseme nilivyokuwa, hata kama sipendi kusema. Nilikuwa na majivuno. Watu wetu nyumbani walisema Kigusii, na Kiswahili walikitumia sokoni na ofisini kwa kukivunjavunja. Mimi nilikisema kama kilivyoandikwa. Mwenye duka akisema "kiti yangu," nilimsahihisha, "kiti changu," wala hakuwa ameniuliza. Watoto wangu wa darasa la sita niliwafundisha methali, mficha uchi hazai, nikawaeleza kwa ukali kwamba anayeona haya kuuliza atabaki mjinga. Niliieleza vizuri sana.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulisikia kwamba katika hospitali moja ya misheni, mwendo wa mabasi mawili kutoka kwetu, amekuja daktari wa mifupa. Mama akasema twende. Alivaa gauni lake la Sabato na viatu alivyovihifadhi kwa ajili ya kanisa, akabeba ndizi mbivu za kumpelekea daktari. Njiani aliniambia kwamba hataki mengi, anataka magoti yake tu.

Daktari alikuwa mgeni mrefu, mpole, mwenye Kiswahili alichokitoa kwenye vitabu na kwa walimu wa pwani. Tulipoingia nilimsogezea mama kiti nikamwambia kwa lugha yetu, "Baba, kaa hapa." Kwetu sisi baba maana yake mama, na mzazi wa kiume ni tata, ndivyo tulivyozaliwa tukaikuta lugha. Daktari akatabasamu, akasema, "Mwalimu, huyu ni mama. Baba ni mwanamume." Dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda, aliyesimama mlangoni, kijana kutoka kwingine, akacheka hadi akajifuta macho. Ningeweza kueleza kwa sentensi moja. Sikueleza.

Mezani alikuwa na mifupa ya mguu wa mbuzi iliyochemshwa ikawa safi. Akaikutanisha pale kwenye goti, akageuza ncha moja tuone weupe wake unaoteleza. "Hili ni gegedu," akasema. Nikamtazama. Neno hilo sikuwahi kulikuta, si chuoni wala kitabuni. Akarudia, "Gegedu. Hata mwalimu halijui? Basi leo mimi nimemfundisha mwalimu Kiswahili." Alisema kwa wema kabisa, naye dresa akacheka tena. Mama akaniuliza kinachochekwa ni nini. Nikamwambia ni habari za mbuzi.

Gegedu nilimweleza mama kuwa ni ile nyeupe ya mwisho wa mfupa wa kuku ambayo watoto hupenda kuitafuna. Akaelewa mara moja. Akauchukua ule mfupa, akaupapasa kwa kidole gumba, akaukunja na kuukunjua, akauliza kama lake limekuwa kavu au limechanika. Daktari alifurahi. Nadhani aliona anazungumza na mtu wa kazi inayokaribiana na yake. Kwa muda mfupi walizungumza wao wawili, mimi nikiwa njia tu ya maneno kupita, na laiti ningebaki hivyo.

Alisema ziko njia kadhaa. Ya kwanza ni kuliacha: kutoa maji yakijaa, kutembea na fimbo, kupunguza kazi. Mama akatikisa kichwa. Ya pili ni kulifungua na kutoa kipande kilichochanika, maana kati ya mifupa miwili kuna vijipande vya gegedu kama mwezi mchanga, na chake pengine kimekatika ndicho kinachokwama. Goti litakunjika, lakini baada ya miaka mifupa itasuguana, maumivu yanaweza kurudi. Ya tatu, ikiwa mfupa umebaki uchi, ni kuutoboa vitundu vidogo hadi utoe damu. Damu ile huleta ngozi mpya, si nzuri kama ya kwanza, ila husaidia wengine. Huko kwao, alisema, wameanza kuweka goti la chuma, lakini si hapa na si kwa mtu wa kupanda na kushuka milima.

Hiyo ya kutoboa mama aliipenda. Akaniambia, "Ni kama kazi ya omobari." Omobari ni yule mtu wetu anayefungua vichwa. Mtu akipigwa au akianguka, kichwa kikamuuma mwaka mzima, omobari humpasua ngozi, akaukwangua mfupa wa kichwa polepole, akaondoa kilichoharibika, akafunga. Babu yangu mzaa mama alifunguliwa hivyo na akaishi hadi akazeeka na kofia yake ya kufunika kovu. Kwa hiyo kwetu kufunguliwa mfupa hakukumtisha mtu. Unafunguliwa, unakwanguliwa, unafungwa, unapona.

Kisha daktari akasema ya nne. Nayakumbuka maneno yake yote. "Nikishaona ndani nitaamua. Kama gegedu limekwisha kabisa, nitalifunga goti. Maumivu yatakwisha, na mguu utakuwa imara." Akakunja ngumi mbili akazigandamanisha moja juu ya nyingine, akazikaza.

Kilinipita kitu moyoni, swali dogo: kulifunga namna gani? Lakini nilikwisha kuchekwa mara mbili asubuhi ile. Nikaziona zile ngumi, nikasema moyoni kwamba ni za kuonyesha nguvu. Daktari akaniuliza, "Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Akauliza tena, "Umeelewa vizuri, mwalimu?" Nikasema, "Vizuri sana, daktari."

Nikamwambia mama kwamba daktari atafungua, atatengeneza, halafu atafunga, na maumivu yatakwisha. Mama alikuwa amekwisha kulisikia neno lenyewe, maana lilikuwa miongoni mwa machache ya Kiswahili aliyoyajua kutokana na kuambiwa afunge milango. "Funga," akasema kwa Kiswahili, akamwitikia daktari kwa kichwa. Daktari naye akaitikia. Wote wawili walikuwa radhi.

Ndipo mama akanigeukia. "Muulize kama nitapiga magoti tena."

Nililiona swali la kizamani. Mtu anakuja kutengenezewa goti, anauliza kama litapigwa. Nikawaza huyu mgeni atatucheka, na dresa wake bado yupo mlangoni. Sikumuuliza. Nilijibu mwenyewe, kwa lugha yetu, papo hapo: "Ndiyo, baba, utapiga." Mama akashusha pumzi. Akaweka kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akapanguswa na dresa.

Alipewa nusukaputi akapasuliwa siku ya pili. Nilirudi shuleni, na nilipokwenda kumwona mguu wote ulikuwa ndani ya plasta, kutoka nyongani hadi kwenye vidole. Daktari hakuwepo siku hiyo. Muuguzi alisema kazi ilikwenda vizuri. Mama alikuwa amewafundisha wagonjwa wenzake nyimbo mbili za kanisani na tayari alijua nani amezaa mara ngapi. Alikaa na plasta ile miezi zaidi ya mitatu, mingi akiwa nyumbani kwa shangazi yangu aliyeishi karibu na hospitali, na kila barua aliyoandikiwa na wenyeji wake kunitumia ilisema neno moja, kwamba maumivu ya zamani hayapo.

Siku ya kuikata plasta nilikuwepo. Dresa aliikata kwa mkasi mkubwa, mguu ukatoka mwembamba, ngozi ikibambuka. Daktari akalishika goti, akalisukuma huku na huku, akaligonga kwa vifundo vya vidole. "Limeshika," akasema. "Hongera, mama." Mama akashukuru. Kisha akaweka viganja vyake juu ya paja, akakaza uso, akajaribu. Nikaona misuli ya paja ikisimama. Goti halikusogea. Akajaribu tena, akanitazama.

"Muulize litakunjika lini."

Safari hii niliuliza. Daktari akaliachia goti. "Halitakunjika, mwalimu. Nililifunga. Gegedu lilikuwa limekwisha, mifupa miwili sasa imekuwa mmoja. Ndivyo tulivyokubaliana." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Mama anajua?"

"Anajua," nikasema.

Mama alikuwa akingoja jibu lake. Nikamgeukia. "Anasema bado."

Uongo mara mbili ndani ya pumzi moja, mmoja kwa Kiswahili fasaha na mwingine kwa lugha ya mama. Nimeukumbuka wakati ule mara nyingi nikitafuta mlango ambao ningeweza kuutokea. Daktari alikuwa hapo, mama alikuwa hapo, ningeweza kulia mbele yao wote wawili na mambo yakawekwa wazi. Ila kwa mama ningemwambia nini? Kwamba aliuliza swali la maana kuliko yote, nami nikaona aibu kulibeba hatua mbili hadi kwa mtu aliyekuwa na jibu?

Tukarudi nyumbani. Kwenye basi mguu wake ulikaa njiani, kila abiria akauruka. Mama aliomba radhi kwa kila mmoja, akisema kwamba ni kwa muda.

Maumivu yalikwisha kweli, hilo sitamnyima daktari. Mama alimsifu kila mahali, na mimi akanisifu pamoja naye, kwamba bila binti yake mwalimu asingejua hata pa kuanzia. Kila asubuhi alikaa mlangoni akalipaka goti mafuta ya mbarika, akalisugua kwa muda mrefu kama anavyosugua tumbo la mjamzito, kisha akajaribu kulikunja. Habari zake aliniwekea kichwani, na nilipotoka Nyamira mwisho wa wiki aliniambia kwamba anahisi linaanza kulegea. Nilikuwa naitikia. Wanawake waliokuja kumwomba aliwaambia wangoje kidogo, goti litafunguka.

Mmoja hakuweza kungoja. Mke wa jirani alishikwa na uchungu mchana, tuko shambani, mama akaenda na fimbo yake. Nilimfuata. Alijaribu kupiga goti moja, ule mguu mwingine ukatoka pembeni umenyooka, akapoteza mizani akaangukia ukuta. Akajaribu kukaa chini kabisa, mikono haikufika. Mwishowe alisimama ameegemea ukuta akamwelekeza mama mkwe wa yule mwanamke, shika hapa, usivute, ngoja, ngoja. Mtoto alizaliwa salama. Mama alimpokea baadaye akiwa amekwisha kufutwa, kama mgeni yeyote aliyekuja kupongeza. Baada ya hapo watu walianza kupita mbele ya lango letu bila kuingia, wengine wakienda zahanati, wengine kwa mkunga wa mlima wa pili. Mama aliwasalimu wakipita. Hakuna aliyekosea, na bado nilikuwa nawachukia.

Kanisani ilikuwa mbaya zaidi. Watu wote wakishuka kwenye maombi, mama alibaki amesimama peke yake katikati ya migongo, amefumba macho. Halafu ikaja Sabato ya Meza ya Bwana. Sisi Wasabato kabla ya mkate tunatawadhana miguu, wanawake wawili wawili, kila mmoja apige magoti amwoshe mwenzake. Ndiyo huduma ya unyenyekevu, na haikamiliki kwa kuoshwa tu. Mama alioshwa na bibi mmoja aliyekuwa akioshana naye miaka yote. Zamu yake ilipofika akashika beseni, akaanza kushuka, akakwama nusu ya njia, maji yakamwagika. Yule bibi akamwambia kwa upendo, "Acha, ndugu yangu, Mungu ameona." Mama akaketi. Alilishika beseni tupu mapajani mpaka wimbo ukaisha.

Jioni ile aliniambia nilete kalamu na karatasi.

"Mwandikie daktari," akasema. "Mwambie namshukuru. Mwambie maumivu hayajarudi. Sasa yeye aliyefunga ndiye afungue, nimekwisha kupona. Nitakuja siku atakayosema."

Niliandika tarehe. Niliandika "Kwa Daktari Mpendwa." Kisha kalamu ikakataa. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu plasta ikatwe, na nilikuwa nimezoea kuubeba uongo ule kama mtu anavyozoea jiwe kiatuni, lakini kuuandika kwa mkono wangu nilishindwa. Nikamwambia. Nilimwambia yote, mifupa miwili kuwa mmoja, kwamba haifunguki, kwamba alichosema daktari mimi sikukielewa na nikasema nimeelewa. Nililia sana. Mama hakulia.

Aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile nilipokwambia umuulize kama nitapiga magoti. Ulimuuliza?"

"Hapana."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua ile karatasi yenye tarehe, akaikunja vizuri, akanirudishia, kwa sababu karatasi haikuwa kitu cha kutupwa. Asubuhi yake hakulipaka goti mafuta. Wiki iliyofuata alimwita yule mkunga wa mlima wa pili akampa wembe wake, uzi na vitambaa vyake vilivyochemshwa, wakala pamoja, wakacheka habari za zamani.

Nilingoja anilaumu. Ningefurahi kulaumiwa. Hakunilaumu, wala hakumwambia mtu mwingine. Alinipikia nilipokuja, alinibariki nilipoolewa, aliwabeba wanangu. Kitu kimoja tu kilibadilika, na kilichukua muda nikakitambua. Alipokuwa na shauri ofisini kwa chifu, au zahanati, au kwa mnunuzi wa chai aliyetoka nje, hakunituma tena. Alimchukua mdogo wangu wa mwisho, binti aliyekuwa bado shule ya msingi. Kiswahili chake kilikuwa kibovu cha kutisha. Kila neno asilolijua alimsimamisha mkubwa wa watu akamuuliza, "Hiyo ni nini?" wakamcheka, akauliza tena. Mama alisimama kando yake ameegemea fimbo, akingoja bila haraka.

Kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya sabini mama aliugua tumbo, tukamlaza hospitali mjini Kisii. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuolewa upande wa Ogembo, na habari zilimfikia kwa kuchelewa. Nilikuwa peke yangu kando ya kitanda siku tatu, nikimgeuza, nikimlisha uji, ule mguu wake ulionyooka ukiinua blanketi. Siku ya nne akaja muuguzi kijana, si mtu wa kwetu, ana karatasi mkononi. Daktari alitaka kumpasua, na kulikuwa na mambo ya kumweleza kwanza. Akanieleza taratibu, kwa Kiswahili rahisi. Niliuliza kila nilichoweza kuuliza. Kisha nikamwinamia mama nimweleze.

Mama aliinua mkono kidogo akanizuia. Alisema maneno machache kwa lugha yetu, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila ukali wowote, akageukia ukutani.

"Mama amesema nini?" akauliza yule muuguzi.

Nikamtafsiria neno kwa neno. Amesema tumngoje mdogo wangu afike.